Alama za Mkaa

Jiwe la nyuma ya nyumba bado lina joto la jana.
Nimelibandika kiganja, kama nipimavyo homa ya mtoto,
nikasema: bado. Siku moja tena, labda mbili,
halafu vuli itapanda hiki kilima cha Igogo
bila kubisha hodi.

Upande huu michembe, upande ule matobolwa,
yamejikunja pembeni kama masikio ya mbuzi.
Luhende amepewa kazi ya kufukuza kuku:
kila kuku anayemfukuza, tobolwa moja mdomoni.
Amefukuza hata kuku wa jirani, waliokuwa wamejilalia.
Simgombezi. Mshahara ni mshahara.

Sayi yuko juu ya bati na kopo la lami,
misumari midomoni, anatoa amri zisizo na irabu.
Nampa nyundo; kumbe alitaka kitambaa.
Nampa kitambaa; kumbe alitaka chai.
Mwaka jana palivuja katikati ya kitanda,
tukalala na sufuria kati yetu
kama mtoto wa tatu asiye na usingizi,
to, to, to, mpaka majogoo.
Sijamwambia, lakini niliipenda ile sufuria.

Kesho shule. Sketi ya Nkwimba iko kambani,
pindo nimelishusha vidole viwili,
na pale lilipokuwa limejificha, bluu ingali mpya
kama siku ile Makoroboi,
nilipovutana bei hadi muuzaji akamwapia mama yake.
Mwenyewe amekaa kizingitini anachambua dagaa,
vichwa huku, matumbo kule,
ananisimulia ndoto
yenye ng'ombe, na mwalimu wa hesabu, na ng'ombe tena.
Nasema ehe. Nasema halafu?
Isiishe, ndoto hii.
Mwakani atakuwa na rafiki wa kumsimulia.

Ziwa huko chini limelala, rangi ya chungu
kilichosuguliwa kwa majivu.
Meli ya Ukerewe imelia mara moja, kavu,
na mbali, juu ya maji, nguzo ya wadudu imesimama
kama moshi wa jiko la mtu tusiyemjua.
Mama Bugumba, ng'ambo ya ngazi, ameiona pia:
"Anua, mwenzangu!"
Nimemjibu naanua.
Sijaanua.

Jua likikaribia maji huwa tunapimana.
Visigino jiweni, kidevu chini,
mkaa juu ya utosi, mstari.
Nkwimba ameufikia ufa wanamolala mijusi.
Luhende amesimamia vidole vya miguu,
nikajifanya sioni.
Kila mwaka Sayi husema tuchonge kwa patasi,
mvua isifute.
Kila mwaka mimi huificha patasi.

"Na wewe, mama."
Nimevua kitambaa kichwani, nimesimama.
Nkwimba amepanda ndoo, mkaa umenikwaruza utosini.
"Umeongezeka au umepungua?"
Nani ajuaye, mwanangu. Alama ya mwaka jana
iliondoka na mvua ya kwanza,
ikashuka ngazi, ikaingia mtaroni,
ikapita chini ya barabara.
Labda kuna sato huko
anayeujua urefu wangu.
Luhende akacheka, akamleta kuku naye apimwe.
Kuku hakutaka.

Usiku, vyombo vikiwa bado havijaoshwa,
nimetoka nje nikaliegemea jiwe,
mgongo palepale, chini ya mstari wangu.
Vuguvugu. Lami inanuka, matobolwa yananuka,
upepo umegeuka, na sasa unakuja na harufu
ya udongo wa mahali pengine
palipokwisha kulowa.
Ndani, mtoto mmoja anaongea na ng'ombe wa ndotoni.
Sayi anauliza gizani, misumari imetoka mdomoni,
sauti yote imerudi:
"Tumeanua?"
"Tunaanua," nikasema,
wala sikuinuka.