Nyasi za Jivraj

Mashine ilishuka na treni ya mizigo, Alhamisi,
ndani ya boksi lenye picha:
mzungu wa kaptula nyeupe, nyasi kijani mpaka ukingoni,
mbwa amelala, hadaiwi na mtu.
Jivraj akaisimamisha mlangoni pa duka lake, Uhindini,
kati ya misumari ya kupima kwa kilo na mabati,
akaipangusa asubuhi,
akaipangusa adhuhuri.
Vumbi la Dodoma halina adabu kwa kitu kipya.

Zile za zamani tulizijua, za misheni:
pipa la visu unalisukuma, linanong'ona.
Hii kisu chake kimoja, bapa, kimejificha tumboni
kama panga analolala nalo mlinzi.
Inakunywa petroli. Inavutwa kamba.

Tatizo lilikuwa nyasi.
Septemba, na nchi yote kuanzia stesheni hadi Mlimwa
ilikuwa na rangi ya ngozi ya ng'ombe iliyowambwa.
Jivraj akapima nyuma ya duka, hatua kumi kwa sita,
akamwita baba yangu, Ndahani, mpakia saruji:
Panda.

Baba akacheka mpaka akakohoa.
Mtu wa Mvumi, mkulima wa mtama,
tangu apate meno anang'oa nyasi;
leo analipwa shilingi tatu kwa siku azibembeleze.
Ndoo kumi na mbili kila jioni. Nne nilibeba mimi.
Mama alisimama akiyahesabu maji yale
kwa sufuria za ugali,
asiseme neno. Kimya chake kilikuwa na mfuniko.

Novemba zikashika, kijani kweli,
na mbuzi wa Majengo wakapata habari kabla ya wateja,
na wawili wetu pia.
Baba akahamia huko na fimbo yake.
Mgogo mzima, usiku kucha,
anawanyima mbuzi majani.

Mimi nilikuwa darasa la sita, mwandiko wangu wima,
nikapewa kopo la rangi na ubao wa kreti:

*Jembe lako litundike, fyekeo lipumzike,
mashine na izunguke, we bwana uburudike.*

Lechipya fundi baiskeli akauzungusha mji mzima
akiusoma kwa kipaza sauti cha bati,
na kwa kuwa hakujua kusoma, aliuongezea.
Kufika Ijumaa mashine ilikuwa inapalilia, inapukuchua,
na inatibu mgongo.

Jumamosi wakaja: maofisa waliohamia juzi kutoka pwani,
viatu vyao bado vya mji wenye mvua,
masista wawili, wapagazi wa stesheni, watoto juu ya ukuta.
Jivraj akavuta kamba. Akavuta. Akavua koti.
Mara ya tisa akamwachia baba,
nayo ikanguruma kama iliyokuwa inamsubiri yeye.

Dakika tatu.
Ndoo zote zile, usingizi wote ule: dakika tatu,
na jiwe moja lililoruka likatoboa karai la maonyesho.
Kisha ikatanda harufu, mbichi,
harufu ya mvua ambayo haikuwa imenyesha,
na maofisa wakasimama wameshika kofia zao.

"Tena!" akalia mtoto ukutani.
Hapakuwa na tena. Hapakuwa na kitu cha kukata
kutoka pale hadi Manyoni.
Mpagazi mmoja akauliza kama inasaga mtama.

Masista waliinunua, kwa bei ya huruma.
Mwaka uliofuata fundi wao akaing'oa injini
akaifunga kisimani.
Ubao niliuandika upya: *Karai, Nusu Bei.*

Boksi tulipewa sisi.
Mama aliibandika ile picha ukutani, tembe la Chang'ombe,
na wageni walipoingia waliitazama kabla ya kukaa,
mpaka usiku ule mbuzi walipokata kamba.
Walikula kijani chote.
Walimla mzungu hadi magotini.
Mbwa walimwacha, amelala vilevile,
juu ya udongo wetu mtupu.