Herufi Ndogo

Duka langu liko Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
mlango wa kijani, kaunta ya kioo yenye ufa.
Miaka kumi na tisa nauza uso:
poda, wanja, rangi za mdomo, losheni za kila nchi,
na ukutani niliandika kwa chaki, kwa mkono wangu:

    Njoni kwa Zuwena dada, losheni ya kung'arisha,
    mwenye chunusi na shida, dawa nitamuonyesha.

Nilionyesha.
Nyuma ya kopo sikuwahi kusoma.

Leo nimefunga kabla ya adhuhuri,
nimevaa miwani ya marehemu mama,
nasoma.
Karatasi ya Bombo nimeikunja mara nne,
iko kwenye droo, chini ya sarafu za mia.
Neno lake la kwanza ni titi, la pili ni kushoto,
la tatu nimeliacha humo lilale na chenji.

Herufi ndogo kama mbegu za mchicha.
Maneno marefu, nayavuta silabi kwa silabi
kama mtoto wa chuoni siku ya alifu.
Kopo la kwanza lina manukato. Weka kando.
La pili linayo pia, limeyapa jina jingine.
La tatu mbele limejiita asilia,
nyuma limenyamaza.

Nilimuuliza Sista Mbelwa: ni haya?
Niliyojipaka, niliyowauzia watu, ni haya?
Akavua glavu moja, akafikiri, akavua ya pili.
"Sijui, mama Nuswaiba. Lako limetoka wapi, hakuna ajuaye.
Usijipandishe kizimbani.
Tafuta kitu laini, kisicho na harufu.
Ngozi ikiwaka, uje."

Kisicho na harufu.
Hapa Tanga, sista?
Mimi niliyesingwa kwa liwa siku saba,
niliyefukizwa udi hadi kope,
mimi ambaye Hizza aliniambia usiku wa kwanza:
taa ya nini, nafuata asumini.

Dripu ya pili ndiyo iliyoiharibu asumini.
Kikuba cha Idi nilikitupa uani, mbuzi wa jirani akakila.
Na Hizza, gizani, ananusa shingo yangu, hasemi kitu,
anapapasa ukuta
pale palipokuwa na mlango.

Kucha zimekuwa nyeusi, kana kwamba zimebanwa na dirisha.
Nikasema, tuzifunike kwa hina.
Nuswaiba akauliza: hina gani, ya majani au ile nyeusi ya boksi?
Ana miaka kumi na saba.
Ameanza kusoma nyuma kabla yangu.

Saa nane kaunta imegawanyika.
Upande huu: mafuta ya nazi ya Pangani ndani ya chupa ya soda,
kopo moja la mafuta ya mgando,
sabuni ya mche, nyeupe, isiyojigamba.
Upande ule: duka.
Mtaji wangu wote, na mkopo wa kikundi, bado miezi mitano.
Sitasema uongo. Sijavitupa.

Hodi. Binti mmoja, ana harusi Ijumaa,
anataka ile ya kung'arisha.
Mkono wangu unaijua njia, ulikwenda wenyewe,
ukafika kwenye kopo, ukasita.
"Una haraka? Shika miwani."
Akasoma mistari mitatu, akacheka, akalipa.
Nilipomrudishia chenji
kidole kiligusa karatasi.

Nikabaki na wanja.
Huo hauna herufi hata moja, nimeuchagua kwa moyo tu.
Nyusi zangu zilidondoka Jumatano, kwenye beseni,
nyepesi, kama si zangu.
Nikasogea kwenye kioo chenye ufa
nikachora.
Ya kulia imetoka vizuri.
Ya kushoto imepanda juu kidogo,
kama mtu aliyetajiwa bei
na hajakubali.