Fundi wa Resen Anaelekeza Njia

Mnyororo umepona. Pini moja tu ilikuwa imechoka,
nimeitoa, nimetia nyingine. Usilipe sasa.
Kwanza niambie unakoelekea.
Ohrid? Basi iache barabara kuu,
huko malori ya mbao yatakupumulia kisogoni
na madereva wake hutafuna mbegu za alizeti
wakakutemea maganda.
Ipo njia nyingine. Haina haraka, wala haina watu.

Toka alfajiri, kabla mwokaji hajafungua mlango.
Pita katikati ya matofaa, kulia matofaa, kushoto matofaa,
miti imefunikwa wavu kwa kuhofia mvua ya mawe.
Ukifika Stenje utaliona ziwa letu.
Usilisifu. Limenywea.
Pale ilipolala mashua juu ya nyasi
ndipo nilipojifunza kuogelea.
Ndege mwari bado wanakuja,
wanazunguka na midomo yao mitupu
kama watu waliofika sokoni siku isiyo ya soko.

Halafu kulia, na mlima unaanza.
Unaanza kwa adabu, kama jirani aliyekuja kukopa.
Weka gia nyepesi mapema;
kiburi cha goti hulipwa usiku.
Kona ya nne ina bomba la maji na kikombe cha bati
kilichofungwa kwa waya. Kunywa, ukiache kifudifudi.
Kona ya saba ina mbwa.
Usimkimbie. Shuka, weka baiskeli kati yako na yeye,
umwamkie kwa lugha yoyote uliyo nayo.
Mchungaji wake kiziwi, mbwa hana wa kuzungumza naye.
Ukiipita mireteni, kivuli kimekwisha.
Utasikia pumzi zako, na spoki,
na kengele ya kondoo usiyemwona.

Juu kabisa, simama.
Ziwa moja nyuma, ziwa moja mbele.
Maji ya huku, wewe, huzama chini ya mlima huohuo
yakajipenyeza gizani kwenye mawe ya chokaa
yakaibuka ng'ambo, baridi, meupe,
hayakuulizwa pasi wala jina la baba.
Sisi tunaopita juu ndio tunaoshindwa.

Sasa mteremko. Breki bana, achia. Bana, achia.
Ukizing'ang'ania zitaungua.
Hilo nilifunzwa na baba nikiwa na miaka tisa,
mimi nimekaa nyuma yake,
dada yangu Ristana mbele juu ya chuma,
akimpigia kengele kila mbuzi.

Chini, zinapotokea chemchemi, nyumba ya mwisho.
Mlango wa buluu.
Au ulikuwa wa buluu; ni miaka kumi na miwili.
Shamba la baba tuligawana kwa kamba na mashahidi,
mistari sita kwake, mistari sita kwangu,
na mti mmoja katikati
ulioondoka na salamu zetu zote.

Ndugu wakigombana, mpita njia ashike jembe akalime.
Wewe shika usukani wako.
Ila chukua hili tofaa.
Mfuko wa mgongoni, si huo wa mbele, lisije likachubuka.
Ni la mti ule.
Mpe Ristana, usimwambie limetoka wapi.
Atalinusa kwanza, ndivyo alivyo.
Akiuliza kama fundi bado anakohoa,
mwambie hukusikia, karakana ilikuwa na kelele.
Asipokufungulia, lile mwenyewe,
bado una safari.

Hapana, rudisha pochi yako.
Utalipa ukirudi, kama utarudi kwa njia hiyohiyo.
Upande wa kule ni mkali zaidi, sikufichi,
na jua la mchana halina huruma na mtu.
Lakini ukirudi,
niambie tu ule mlango
siku hizi ni wa rangi gani.