Hesabu ya Lita Moja

Muuzaji wa Kariakoo aliapa kwa jina la mama yake:
"Lita moja, kilomita sitini na tano. Utasahau sheli iko wapi."
Sikusahau. Sheli wananijua hadi jina la utani.

Nikanunua daftari la mistari ya bluu,
nikalifunga kwa mpira wa tyubu, nikalitia chini ya siti.
Jumatatu najaza hadi mafuta yachungulie mdomoni mwa tangi,
naandika namba ya kwenye saa.
Jumatano najaza tena, palepale, pampu ileile,
pikipiki imesimama wima, siyo kuegemea stendi ya pembeni
(fundi Chilumba kanifunza: ukiilaza, tangi linakudanganya),
kisha natoa, nagawanya.

Arobaini na moja.

Nikagawanya upya kwa simu ya Salmini pale kijiweni.
Arobaini na moja, na pointi mbili za kunifariji.

Sasa nauliza, bila ubaya:
yule aliyepata sitini na tano alimpakia nani?
Alipanda kilima cha Goba na mama mwenye ndoo ya dagaa,
mtoto kabanwa katikati?
Alisimama Tabata injini ikinguruma bure
dakika kumi na nane, pua kwenye moshi wa lori la mchanga?
Aliikuta Jangwani maji yamekata barabara,
akazungukia Kigogo kwa gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya kwanza?
Labda alikuwa peke yake, mwembamba,
njia tambarare, upepo ukimsukuma mgongoni,
hana bosi wa kupiga simu saa mbili usiku: "Hesabu iko wapi?"

Maana kwetu neno hesabu limezaa pacha.
Mmoja anakaa kwenye daftari.
Mwingine ni elfu kumi kila jioni, mvua au jua,
mpaka mkataba uishe na chombo kiwe changu.

Daftari linasema:
Ijumaa, thelathini na sita. Mvua. Cheni kavu.
Jumapili, arobaini na nne. Barabara inapumua.
Jumanne, thelathini na tatu. Nilinunua mafuta ya chupa Vingunguti,
chupa ya lita, ila lita yenyewe ilishanywewa njiani.

Halafu kuna ukurasa wa Bi Sikujua.
Anauza mayai. Trei sita, Buguruni hadi Kinyerezi,
tatu mapajani mwake, tatu nimezifunga mbele yangu.
"Baba, likipasuka moja nakata kwenye nauli."
Nikaendesha kama nabeba usingizi wa mtu.
Tuta nililiona mbali, nikaachia mafuta mapema;
breki ikaenda likizo.
Wenzangu wakanipita na honi: "Shangazi, sogea!"
Siku nne hivyo. Nikajaza, nikagawanya.

Hamsini na tatu.

Pikipiki ileile. Plagi ileile nyeusi.
Kilichobadilika ni kifundo cha mkono huu.

Basi, nikasema, siri nimeipata.
Wiki nzima nikaendesha kimayai,
hata nilipompakia kijana anayewahi basi la Songea.
Nikaokoa elfu nne na mia mbili.
Nikapoteza vichwa saba, na yule wa Songea akanitukana hadi babu.

Kwa hiyo sijui.
Fundi anasema tusafishe kabureta. Bosi anasema kimbia.
Muuzaji hapokei simu.
Mimi naandika tu, kwa kalamu isiyo na kifuniko,
na siku hizi kando ya namba naongeza neno:
foleni. mvua. haraka. mtu mzito. mayai.

Juzi usiku nilipeleka mzigo Kibaha.
Nikajaza hukohuko, nikarudi mtupu,
hesabu ya bosi imeshatumwa,
Barabara ya Morogoro nyeupe, sina ninayemuwahi wala anayenisubiri.
Nilipofika Ubungo nikajaza tena.

Sitini na moja.

Nikaitazama ile nafasi pembeni mpaka mhudumu wa pampu akakohoa.
Nikaandika: mimi.