Pengo Kwenye Mipaina

Usiku wa tarehe sita Julai mbingu ya Matamba
ilivua mawingu yote, ikabaki na nyota zake,
na asubuhi viazi vya vinyungu, bonde zima,
vilikuwa vyeusi kama vimemwagiwa maji ya moto.
Sakitu.

Vyote, ila nusu eka ya Enesia Tweve.
Kijani. Majani wima
kama wanafunzi wanaosubiri kuitwa majina.

Jumapili ile mchungaji hakuhitaji kuhubiri.
Watu walikwenda kushika majani kwa mikono yao,
wengine wakachuma moja moja, wakatia ndani ya Biblia.
Mzee wa kanisa akanigeukia mimi,
mwalimu wa fizikia nisiyeimba hata pambio:
"Haya, Chaula. Wewe usiye na Mungu. Tueleze."

Nikasema, nipeni siku tatu.
Wakacheka. Siku tatu!
Hata huyu akibanwa anakopa kwetu.

Nikaazima vipimajoto vinne vya maabara,
nikavifunga kwenye vijiti vya mianzi,
nikakesha na koti la marehemu baba na chupa ya chai.
Saa tisa usiku: bondeni, hasi mbili.
Kwa Kyando, hasi moja na nusu.
Kwa Enesia, moja juu ya sifuri.
Nikawasha sigara nisiyoivuta, nikaishusha magotini.
Moshi uliinama, ukapita miguuni pangu kama paka,
ukatokea kwenye pengo la mipaina, chini ya shamba.

Hewa baridi ni nzito, huteremka kama maji.
Penye ua uliofumana hutuama, huua.
Penye pengo hupita.
Basi. Malaika hakuna. Kuna mlango.

Nilimweleza jikoni kwake, nikichora majivuni.
Alisikiliza hadi mwisho.
"Pengo hilo," akasema, "unakumbuka lilivyotokea?"

Nikakumbuka. Mipaina mitatu.
Msumeno, mimi upande huu, Kyando upande ule,
mwezi Machi, mvua haikatiki,
mbao za jeneza la mumewe.

"Sijasema hakuna mlango, mwalimu.
Nilisema asante tu.
Asante nayo ina nyuzi ngapi?"

Nilikuwa na jibu. Nimewahi kulitoa darasani,
kwamba kuishukuru bahati ni kuusalimia ukuta,
na Kidato cha Tatu wakapiga meza kwa furaha.
Jikoni mle halikutoka.

Kisha akasema jingine, kwa sauti ya chini
kama mtu anayetaja deni:
"Kinachoninyima usingizi si vipimajoto vyako.
Ni Tulinagwe, jirani yangu.
Anafunga kila Ijumaa. Anaomba kuliko mimi.
Shamba lake lote limeungua, na watoto watano.
Kama kwangu ni muujiza, kwake ni nini?
Nimemuuliza mchungaji, akanipa mstari niusome.
Wewe una nini?"

Nilikuwa na mteremko, na ua, na uzito wa hewa.
Vyote kweli. Hakuna hata kimoja
ambacho ungempelekea Tulinagwe ukamwambia, shika.

Tukakaa. Gogo likapasuka motoni.
Akapanda darini, akashusha gunia la mbegu,
akaanza kuchagua zile zenye macho mengi,
nami nikashika mdomo wa gunia la pili.
Hakuna aliyesema ni la nani.

Jumapili iliyofuata, nimesikia, mtu alisimama kanisani
akashuhudia kwamba Mungu ndiye aliyekata mipaina ile.
Sikuwepo kumrekebisha.
Nilikuwa kwa Tulinagwe na msumeno,
nabishana na mumewe ni miti ipi ianguke,
yeye anataka tuombe kwanza, mimi nataka tupime kwanza,
jua linapanda,
na ua bado umesimama.