Riwaya ya Nne

Kufa, mtaa wa wauza karatasi.
Baba ananakili, mimi nasaga masizi ya wino.
Amiri Haudha alikufa miaka arubaini iliyopita
na bado wanamuua, kila Alhamisi, dukani kwetu.

Alitangulia Zurara, mzee wa Basra, na mlolongo wake:
kanihadithia fulani, kutoka kwa fulani, aliyekuwepo.
Amiri alifia sijidani. Chumba kikanukia miski.
Aliyoyatenda yalikwisha andikwa kabla mbingu hazijatandazwa;
nani humlaumu mshale akamwacha mpigaji?
Baba akaandika. Dirhamu mbili.

Akaja Shabathi. Babu yake alikatwa mkono
na amiri huyo huyo, kwa gunia la shayiri.
Naye ana mlolongo wake, na wote ni wakweli:
tumbo lilioza mwenyewe yu hai, funza wakamtoka puani,
akaomba maji, maji yakamchemkia kinywani
kama wafalme wa kale waliojiita miungu.
Mja huchagua, alisema, na mchaguzi hulipwa.
Baba akaandika. Hakumtoza.

Wa tatu kijana, mpole, viatu vipya.
Tusimhukumu mtu, alisema, tumwachie Mwenye hukumu.
Kisha akaomba tuongeze ndoto, fupi tu:
amiri kaonekana mlangoni mwa Pepo,
mguu mmoja ndani.

Nikauliza: Baba, na bibi je?

Maana bibi Rayta alikuwa mpishi wa nyumba ile.
Yuko uani sasa hivi, anachambua dengu.
Homa siku tatu, husema. Hakula.
Usiku wa mwisho akaulizia viatu vyake,
akauliza tena, akakasirika,
na viatu alikuwa navyo miguuni.

Baba akaitua kalamu. Bibi yako kasikia kwa nani?
Kaona.
Macho hayana mlolongo, mwanangu.
Na mna funzo gani humo?

Funza, funzo: herufi moja tu,
na mimi sikuwa na hata mmoja wa kumwonyesha.

Jioni nikachukua kipande cha karatasi iliyoharibika,
nikaandika kwa mwandiko wangu mbaya,
nikakigandisha ndani ya jalada, upande wa gundi,
pasiposomwa mpaka kitabu kipasuke.

Nilipomweleza bibi hakuinua kichwa.
Umeandika kwamba vilifungwa vizuri?
Nilivifunga mimi.