Vikombe Vitatu

Kwetu Chaozhou vikombe ni vitatu,
mje wawili, mje saba.
Kila kimoja ni nusu ganda la yai.
Anayekosa hungoja,
na kungoja ndiko adabu yenyewe,
alisema mama, Wen Xiuluan,
akizungusha kikombe ndani ya kikombe
kwa ncha za vidole, katika maji ya moto,
bila kuungua.

Tulikuwa wanne mezani.

Baba alishuka kutoka Wuyi,
mchoma chai, mwana wa mchoma chai,
Zheng Guanlin, kifua kimejaa vumbi la majani.
Chai yao humea kwenye nyufa za miamba,
huokwa juu ya makaa yaliyofukiwa jivu
mchana kutwa, usiku kucha,
naye huzunguka vikapu bila saa,
mgongo wa kiganja ukigusa mwanzi:
"Bado."
"Bado."
"Sasa."
Ukiinywa, unalamba jiwe lililonyeshewa.
Mama aliiita dawa ya kikohozi.

Yeye ni wa mlima Fenghuang,
ambako mti mmoja huchumwa peke yake,
hukaushwa peke yake,
hupewa jina kama mtoto:
huu una okidi, ule tangawizi, ule lozi.
Na ule ulionukia kupita yote
uliitwa Mavi ya Bata,
ili mwivi akisikia asitamani hata kikonyo.
Mama aliapa ni babu yake aliyeubatiza.
Nusu ya mlima huapa vivyo hivyo.
Wezi walikuja, jina likabaki,
na leo wanunuzi wa mjini hulitamka polepole,
kwa heshima,
kisha wanauliza bei na kunyamaza.

Wa nne ni Ke Baozhu, mke wa mjomba,
mzaliwa wa Anxi.
Yake alikuja nayo mfukoni, kwenye karatasi:
punje zilizofinywa ndani ya kitambaa
mpaka zikakaza kama ngumi ya kichanga.
Kwenye buli hulia changarawe.
Maji ya kwanza, zimelala.
Ya pili, zinanyoosha kiwiko.
Ya nne, ni jani zima,
kijani katikati, jekundu ukingoni.
"Hiyo mboga," baba alisema.
"Na hilo lako jiko," akajibu Baozhu.

Miaka ishirini waligombana hivyo,
nami nikipepea makaa ya kokwa za zeituni,
yawakayo buluu na kimya.
Mdogo ndiye hukosa kikombe.
Nikajifunza kunusa kifuniko.
Nikajua kwamba zote tatu huitwa joka jeusi,
na kwamba toka jani bichi hadi jani lililoiva
njia ni ndefu,
na kila kijiji kimelisimamisha jani
pale kilipoona panatosha:
Anxi mapema, Wuyi jioni sana,
sisi hatukubaliani hata na jirani.

Baba alikwenda mwezi wa nne,
wakati wa kutikisa majani usiku kwenye nyungo.
Nyumba nzima ya jirani ilikuwa macho.
Tulisikia nyungo zao, *shaa, shaa*,
hatukuwaomba waache.

Sasa tuko watatu. Vikombe vinatosha.
Asiyekuwepo na lake halipo, husemwa,
lakini kopo lake lipo juu ya kabati,
uoko wake wa mwisho,
alioulaza miaka miwili moto upungue.
Baozhu ndiye aliyelifungua.
Akanusa. Hakusema jiko.

Mama alimimina kwa kuzunguka,
tone huku, tone kule,
pasiwe na kikombe kilichopendelewa.
Wao wakanywa.
Mkono wangu ulikwenda kwenye kifuniko,
kwa mazoea.
Changu kilipoa.
Mama akakimwaga juu ya buli, akajaza upya.
"Bado," nikasema.
Maji ya tatu.
"Bado."

Akaweka mgongo wa kiganja
ubavuni mwa kikombe,
akauacha hapo.

"Sasa."

Kilikuwa kikali. Nilikohoa.
Baozhu akacheka mpaka akalia,
akaomba cha pili.